Logi za seva au Google Analytics? Ulinganisho kwa wenye tovuti Unguja na Pemba

Chukua nyumba ya wageni ya vyumba vinane kule Jambiani. Mwisho wa mwezi mwenyewe anafungua cPanel, paneli ya kusimamia tovuti kwa kampuni inayoihifadhi (hosti), na programu ya takwimu ya Webalizer inamwonyesha hiti 90,000. Anafungua AWStats iliyo jirani yake, inamwambia ziara 2,500. Google Analytics inampa watumiaji 400, na daftari la bukingi lina majina 11. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini pengo la namna hii ndilo ninalolikuta kila ninapokaa na mwenye tovuti visiwani, na swali huwa lile lile: "Sasa mwanangu, niamini ipi?"

Zote zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu kila moja imehesabu kitu chake. Cha kulinganisha ni maswali: chombo gani kinajibu swali gani. Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa tovuti nyingi ndogo za huku kwetu, logi za seva, yaani kumbukumbu ambazo seva huziandika yenyewe, ndizo msingi, na skripti ya Google au ya mwengine yeyote ni nyongeza unayoiweka ukiwa na sababu. Wapo ambao msimamo huu hauwafai, nao nitawataja.

Mstari mmoja wa logi

Mtu au roboti (programu inayozunguka mitandaoni yenyewe) akiomba kitu kwenye tovuti yako, seva huandika mstari mmoja kwenye faili la maandishi. Si lazima uweke kodi yoyote, kazi hiyo programu za seva kama Apache na Nginx huifanya zenyewe. Mstari hufanana hivi:

`203.0.113.45 - - [14/Jul/2025:18:07:22 +0000] "GET /vyumba/ HTTP/1.1" 200 18432 "https://www.google.it/" "Mozilla/5.0 (iPhone; CPU iPhone OS 17_5 like Mac OS X)..."`

Usome kutoka kushoto. Kwanza ni anwani ya IP ya aliyeomba, yaani namba yake ya mtandaoni. Vistari viwili ni nafasi za utambulisho wa mtumiaji, ambazo kwa kawaida huwa tupu. Inafuata tarehe na saa, kisha ukurasa ulioombwa, kisha 200, yaani ukurasa umepatikana na umetumwa, kisha ukubwa wake kwa baiti. Halafu pale alipotokea, hapa ni Google ya Italia, na mwisho ni kivinjari na simu kama vilivyojitambulisha vyenyewe.

Hiyo saa itazame vizuri. +0000 maana yake seva imeandika kwa saa za UTC, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo 18:07 ya logi ni 21:07 ya Zanzibar, saa tatu na dakika saba usiku. Huko Italia mwezi wa Julai ni 20:07, mtu ameshakula au yuko mezani, anatafuta chumba cha likizo kwa simu. Mwenye nyumba asiyelijua hili ataona 18:07, atadhani ni saa kumi na mbili magharibi, na kijana wa kujibu meseji atamruhusu aondoke saa mbili usiku. Maswali yanaanza kumiminika kijana ameshafika kwao. Google Analytics inakuruhusu kuchagua saa za Dar es Salaam, kwa hiyo hapa ina nafuu. AWStats kwenye hosti ya pamoja mara nyingi hufuata saa ya seva, nawe ongeza tatu kichwani.

Hiti si watu

Hiti ni ombi lolote: ukurasa, picha, faili la mtindo, ikoni ndogo ya juu ya kivinjari. Ukurasa wenye picha thelathini za pwani unapofunguliwa mara moja huzaa hiti zaidi ya thelathini. Mwenye kampuni ya safari za Kizimkazi akipakia picha mpya za pomboo, hiti zitapanda wiki hiyo hiyo bila mgeni mmoja kuongezeka. Namba hii inamfaa anayetaka kujua seva imebebeshwa mzigo kiasi gani. Kwa biashara, iache.

Kurasa ni bora zaidi. Ziara ni makadirio: programu inakusanya maombi ya IP moja na kuyaita ziara moja, mpaka mtu akae kimya kwa muda fulani. Kwa mpangilio wake wa kawaida Webalizer hukata baada ya dakika 30 na AWStats baada ya saa nzima. Google Analytics nayo hukata baada ya dakika 30, lakini inamtambua mtu kwa kuki, faili dogo linaloachwa kwenye kivinjari chake, badala ya IP. Hata kama roboti wote wangetoweka duniani, namba hizi tatu zisingelingana. Kwa sababu hiyo nawasihi watu wasichukue Januari ya AWStats wakailinganisha na Februari ya Google. Chagua chombo kimoja, kifuatilie mwaka mzima, ulinganishe masika na masika, Julai na Julai.

Webalizer, AWStats na GoAccess

Hizi zote zinasoma faili lile lile na zote ni za bure, ila hazilingani kwa ubora.

Webalizer iliandikwa na Bradford Barrett mwaka 1997. Ni nyepesi na ina kasi, lakini imekaa miaka mingi bila kuendelezwa, na udhaifu wake mkubwa ni kwamba haiwatengi roboti. Kila anayebisha hodi anahesabiwa mgeni. Kwa mtandao wa leo, ambamo roboti ni wengi kiasi hiki, siipendekezi kwa mtu anayetaka kufanya uamuzi.

AWStats ilianzishwa na Laurent Destailleur mwaka 2000. Hii inagawa ripoti mafungu mawili: trafiki iliyotazamwa, na isiyotazamwa, ambamo huwaweka roboti inaowajua na maombi yaliyokwama. Mgawo huo pekee unatosha kuipa ushindi juu ya Webalizer, na katika hosti nyingi za cPanel tayari imewashwa. Kuna sehemu zake mbili usiziamini. Ya kwanza ni nchi za wageni: isipowekewa hifadhidata ya maeneo, hukisia nchi kwa jina la mtandao, na wageni wengi wanaishia fungu la wasiojulikana. Ya pili ni maneno ya utafutaji. Google ilianza kuyaficha mwaka 2011, kwa hiyo jedwali hilo leo ni karibu tupu, na anayetaka kujua watu wanaandika nini kabla ya kumfikia afungue Google Search Console, ambayo ni huduma ya bure na ni kitu kingine kabisa.

GoAccess ndiyo ninayoitumia zaidi. Unashusha faili la logi kwenye kompyuta yako, unaandika amri moja:

`goaccess access.log -o ripoti.html --log-format=COMBINED`

Inakutolea ripoti nzima kwenye ukurasa mmoja, na unaweza kuisoma hata intaneti ya nyumbani imekatika. Mgeni inamhesabu kwa kuunganisha IP, tarehe na kivinjari, hivyo watu wawili wa wifi moja wenye simu tofauti hawawi mtu mmoja. Inataka mtu asiyeogopa skrini nyeusi ya amri, na hilo ndilo linalowazuia wengi. Kama katika ofisi yako hayupo, baki na AWStats bila kujilaumu.

Kuhusu roboti, jifunze kuwatambua kwa macho, kwa sababu hakuna programu inayowakamata wote. Googlebot, bingbot, AhrefsBot na GPTBot hujitaja kwa majina. Wapo wanaoomba `wp-login.php` na `xmlrpc.php` usiku na mchana, hata kwenye tovuti isiyotumia WordPress, wakitafuta mlango uliosahauliwa wazi. Wagumu ni wale wanaojiita Chrome. Dalili yao ni hii: wanaomba kurasa ishirini mfululizo na hawaombi picha hata moja wala faili la mtindo. Binadamu mwenye simu hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa kivinjari chake huyaomba chenyewe. Na anayejiita Googlebot mtazame IP yake kwa kuigeuza iwe jina: ikiwa si la googlebot.com au google.com, ni mwongo.

Skripti: inachokiona na inachokikosa

Google Analytics ilitokana na Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2005, na programu yake ya asili ilikuwa ya kusoma logi. Leo njia ni nyingine: unaweka kipande cha JavaScript kwenye kila ukurasa, kivinjari cha mgeni kinakiendesha, nacho kinatuma taarifa kwa Google. Roboti wengi hawaendeshi JavaScript, ndiyo maana hesabu yake huwa ndogo na safi zaidi. Inaona mtu ameteremka ukurasa mpaka wapi, amebofya kitufe gani, na kama ametoka kwenye tangazo ulilolilipia. Logi haina habari ya mambo yanayotokea ndani ya kivinjari baada ya ukurasa kufika.

Lakini skripti ni kama kitabu cha wageni mapokezini: asiyetaka kuandika jina hayumo. Anayetumia kizuia matangazo hayumo. Aliyekataa kuki hahesabiwi kikamilifu. Aliyefungua ukurasa kwa bando dogo, mtandao ukasuasua, akafunga kabla skripti haijafika, naye hayumo, ingawa logi imemwandika. Anayefungua moja kwa moja orodha ya bei ya PDF hayumo pia.

Sasa fikiria wateja wa utalii wetu ni nani. Wataliano, Wafaransa, Wajerumani, Wapolandi. Hao ndio hasa wanaoulizwa kuhusu kuki kila siku na kuzoea kubofya "kataa". Januari 2022 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Austria, na Februari mwaka huo mwenzake wa Ufaransa, CNIL, zilitangaza uamuzi kwamba matumizi ya Google Analytics ziliyoyachunguza yalivunja sheria kwa kupeleka taarifa za watu Marekani. Julai 2023 Umoja wa Ulaya ulikubali mfumo mpya wa kupeleka taarifa Marekani, lakini suala la kuki na ridhaa liko pale pale. Kwa hiyo mwenye hoteli ya Nungwi anayetegemea skripti peke yake anawapoteza kwenye hesabu wale wale anaotaka kuwajua. Hili kwangu lina uzito kuliko hoja nyingine zote.

Logi nazo zina wajibu wake. Anwani ya IP inahesabiwa kuwa taarifa binafsi Ulaya, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Usiyasambaze mafaili ghafi kwenye magrupu. GoAccess ina chaguo la `--anonymize-ip` linalokata sehemu ya mwisho ya anwani, nalo halipunguzi sana manufaa ya ripoti.

Kuna pia suala la nani anamiliki kumbukumbu. Toleo la zamani la Google Analytics liliacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023, na ripoti zake baadaye zikafungwa. Ambao hawakuzishusha hawana tena cha kulinganisha. Katika toleo la sasa la bure, taarifa za kina za kila tukio hukaa miezi 2, au 14 ukibadilisha mwenyewe. Faili la logi la mwaka 2015 likiwa kwenye diski yako, GoAccess italisoma kesho asubuhi.

WhatsApp, ambako biashara yetu iko

Hapa ulinganisho wa vitabuni haumsaidii sana mtu wa Unguja. Wageni wengi hawajazi fomu. Wanapelekeana linki, kisha wanabofya kitufe cha WhatsApp kuuliza bei. Anayetoka WhatsApp kuja kwako haachi alama ya alikotoka, kwa hiyo kwenye vyombo vyote viwili huonekana amekuja moja kwa moja.

Logi hata hivyo ina kitu ambacho skripti haina. Mtu akibandika linki yako ndani ya WhatsApp, simu yake huja kwenye seva yako kuchukua kichwa cha habari na picha ya kuonyesha kwenye meseji, na hujitambulisha kwa jina `WhatsApp/2` likifuatiwa na namba za toleo. Facebook hufanya hivyo kwa jina `facebookexternalhit`. Tafuta mistari hiyo:

`grep "WhatsApp/" access.log`

Utaona linki za ukurasa gani zinapelekwa, na siku gani. Kama ukurasa wa Misali unabandikwa mara nyingi kuliko ukurasa wa bei, watu wanazungumza juu ya kisiwa, na hapo ndipo pa kuweka picha nzuri na maelezo ya boti. Kaunta ya maneno ya mdomo kama hii sijaiona kwenye dashibodi ya Google.

Upande wa pili, kubofya kitufe cha WhatsApp hakuonekani kwenye logi, kwa sababu mgeni anaondoka kwenda wa.me na seva yako haiulizwi. Skripti inauona mbofyo huo, na hapo inashinda, isipokuwa ukifanya hivi: kitufe kielekeze kwenye anwani yako mwenyewe, nayo ndiyo impeleke mgeni WhatsApp. Kwenye `.htaccess`, faili la mipangilio ya Apache, ni mstari mmoja:

`Redirect 302 /whatsapp https://wa.me/2557XXXXXXXX`

Kuanzia hapo kila mbofyo ni mstari kwenye logi. Tumia 302, usitumie 301, maana 301 kivinjari huikumbuka na mara ya pili hakipiti tena kwako. Zuia anwani hiyo kwenye `robots.txt`, faili la maelekezo kwa roboti, ili Google na wenzake wasiifungue, hesabu ikavimba.

Simu, wifi na kebo

Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP. Watu wa Chake Chake na wa Darajani wanaweza kutokea kwako kama mtu mmoja, na mtu mmoja akihama kutoka wifi ya hoteli kwenda bando lake anageuka wawili. Kama wateja wako ni wenyeji, mfano duka la mtandaoni la Mjini, idadi ya "wageni wa pekee" kwenye logi ichukue kwa tahadhari kubwa, na hapa skripti yenye kuki iko mbele. Kwa wageni wa Ulaya kosa hili ni dogo kiasi.

Logi hukusaidia pia kujua tatizo liko wapi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania ilidhoofika sana. Tovuti ikiwa kwenye seva ya Ujerumani, siku kama hiyo mistari ya IP za Tanzania hupungua huku ya Ulaya ikiendelea, na unajua kwamba tovuti ni nzima. Tofautisha na siku ambayo mistari yote imejaa 500, namba ya hitilafu ya seva: hapo ni seva yako, mpigie mwenye hosti. Na 404, yaani ukurasa haupo, zikirudi kwenye anwani ile ile, mara nyingi ni kipeperushi cha zamani au kodi ya QR iliyobandikwa ukutani ikielekeza ukurasa ulioufuta. Ukurasa wa 404 usio na kodi ya Google ndani yake, Google haujui kabisa.

Matomo na Plausible

Matomo, iliyoitwa Piwik mpaka Januari 2018, inaweza kufanya njia zote mbili: skripti, au kuingiza mafaili ya logi. Unaiweka kwenye seva yako bila malipo, lakini inahitaji mtu wa kuihudumia na kuisasisha. Inafaa taasisi yenye fundi wa kudumu. Plausible na GoatCounter zina skripti ndogo sana na hazitumii kuki, jambo jema kwa kurasa zinazofunguliwa kwa mtandao dhaifu. Plausible ukitaka waiendeshe wao, utalipa.

Kwa hali yako

Nyumba ya wageni isiyolipia matangazo: AWStats kwa mwezi, GoAccess ukiwa na kijana anayejua, na ile njia ya `/whatsapp`. Google Analytics huihitaji. Namba za kuandika daftarini ni tatu tu: waliofungua ukurasa wa vyumba, waliobofya WhatsApp, waliolipa.

Ushirika wa Pemba wenye PDF ya bei za asali au viungo kwa wanunuzi wa nje: logi bila shaka, maana PDF ndiyo bidhaa yako na skripti haiioni. Kumbuka tu kwamba PDF kubwa hushushwa vipande vipande, na kila kipande huandikwa kwa namba 206. Hesabu IP, usihesabu mistari.

Kampuni ya safari inayolipa Google au Instagram kila mwezi: weka Google Analytics. Pesa inatoka, na bila skripti hutajua tangazo lipi limeleta bukingi. Logi ibaki pembeni ya kuhakiki: tangazo likidai mibofyo mingi na logi ikionyesha michache, una haki ya kuuliza.

Tovuti iliyojengwa Wix au Blogger: logi huzipati, basi skripti nyepesi ndiyo njia. Na kama umepita nyuma ya Cloudflare, huduma inayokaa kati ya mgeni na seva yako, kumbuka kwamba picha nyingi hutolewa na wao bila kufika kwako, na IP unazoziona ni zao mpaka fundi aiambie seva isome ile halisi. Kabla ya hapo ripoti yako ya nchi haina maana.

Jambo moja lisisubiri mwisho wa mwezi. Hosti nyingi hufuta logi ghafi baada ya muda mfupi. Ingia cPanel, fungua Raw Access, weka alama kwenye chaguo la kuhifadhi logi, na uondoe ile ya kufuta za mwezi uliopita. Mafaili hubanwa kuwa ya `.gz` na hayachukui nafasi kubwa. Yashushe kwenye diski ya ofisini kila tarehe mosi, ukiyapa majina kwa mwaka na mwezi.